Kidevu Hakipumui

Juzi jioni nilipanda matatu ya Kangemi pale Odeon. Mvua ilikuwa imenyesha, vioo vyote vimefungwa, na mzee mmoja aliyeketi nyuma ya dereva alikuwa anakohoa mfululizo. Kijana wa kiti cha nyuma akamwambia kwa utani, "Mzee wangu, vaa maski." Gari zima likaangua kicheko. Mama aliyepakata mfuko wa nyanya akatia lake: "Maski ilikuwa ya kula pesa zetu tu." Hakuna aliyembishia. Makanga alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kudai nauli.

Nami sikumbishia, na ndiyo sababu naandika. Maneno ya yule mama si yake peke yake. Kaa kwenye hoteli ya chapati River Road au baraza ya mawakili Westlands, utasikia wimbo ule ule: barakoa ilikuwa kiini macho. Ilikuwa ya Wazungu, ilikuwa ya polisi, ilikuwa ya waliotajirikia Covid. Waliovaa waliugua, wasiovaa waliugua, na gonjwa lenyewe likapita. Huo sasa ndio msimamo wa Nairobi, na ukiupinga unaonekana mtu aliyebaki 2020. Basi nibaki huko kidogo.

Kwanza niwape haki yao, maana hasira yao haikutoka hewani. Aprili 2020 serikali ilitangaza kwamba atakayekutwa mahali pa umma bila barakoa atatozwa faini ya hadi Sh20,000 au afungwe hadi miezi 6. Elfu ishirini! Kwa mama mboga wa Kawangware hiyo ni biashara nzima, pamoja na meza na mwavuli. Tarehe 25 Juni mwaka huo, kule Lessos, Kaunti ya Nandi, mzozo ulioanza na mwendesha bodaboda kushikwa kwa ajili ya barakoa uliishia kwa risasi: fundi wa viatu aliyejaribu kuingilia kati akauawa, na wengine wawili wakafa watu walipoandamana. Watu watatu, kwa kipande cha kitambaa. Julai, seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, aliyekuwa ameongoza kamati ya Seneti kuhusu Covid, akakamatwa usiku akivunja kafyu. Alikiri kosa akatozwa Sh15,000. Miaka miwili baadaye alikuwa gavana. Agosti ikafichuka habari ya KEMSA, mamlaka ya kununua dawa: vifaa vya Sh7.8 bilioni, zabuni kwa kampuni zilizosajiliwa juzi na jana, bei za kushangaza, na shehena iliyobaki imelundikwa ghalani kwa kuwa hakuna aliyeweza kuinunua kwa bei ile.

Nani angeyatazama hayo asikasirike?

Lakini tazama vizuri ni nani anayeshtakiwa hapo. Faini ni ya aliyeitunga. Risasi ni ya aliyeifyatua. Pesa ni za aliyezila. Kashfa za mahindi tumeziona ngapi nchi hii, tangu tukiwa watoto? Nani aliwahi kusimama akasema, kwa hiyo ugali haushibishi?

Hili la Wazungu halihitaji muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilianza kushauri watu wote wavae barakoa pale wanapobanana tarehe 5 Juni 2020. Uingereza iliilazimisha kwenye mabasi na treni Juni 15, na madukani Julai 24. Kenya ilikuwa imeshaamuru tangu Aprili. Kwa miezi miwili Nairobi ilitangulia Geneva na London, nasi tunasimulia kana kwamba tuliletewa. Aliyeitangaza barakoa dhidi ya gonjwa la hewani alikuwa daktari wa Penang, Wu Lien-teh, aliyepambana na tauni ya mapafu kule Manchuria mwaka 1910 na 1911 kwa pamba na shashi. Mfaransa mmoja, Gérald Mesny, daktari mwenye cheo, alimdharau na kuingia wodini uso mtupu. Alikufa kwa tauni ile ile. Na neno lenyewe barakoa tulikuwa nalo zamani: wanawake wa nyumba ya sultani Unguja walijistiri nayo, na Oman wapo wanaoivaa mpaka leo. Tulichofanya 2020 ni kulitoa kabatini na kulipatia kazi mpya.

Sasa nije kwenye hoja yenye uzito, ile ya watu wanaosema: tulijaribu, ikashindwa. Nataka kuuliza tulijaribu nini hasa.

Nakumbuka jioni moja ya Julai 2021. Kirusi cha Delta kilikuwa kimeingia, baridi ya Nairobi imefika pale inapofikaga mwezi huo, na Barabara ya Waiyaki imechimbuliwa yote kwa ujenzi wa ile barabara ya juu. Tulikuwa kwenye matatu ya viti 14. Kanuni ilitaka abiria 8. Nilihesabu tukawa 11, na makanga wa 12 akining'inia mlangoni kabla ya kuingia na kufunga mlango. Madirisha yamefungwa, kwa kuwa anayeogopa vumbi na anayeogopa baridi walikubaliana siku hiyo. Barakoa zote zilikuwa kidevuni, yangu ikiwemo. Nilikuwa kwenye simu, nikajipa ruhusa.

Tulipokaribia Kangemi makanga akapiga bati mara mbili: "Karao mbele! Vaeni maski!" Kama kwaya iliyopewa ishara, mikono ikapanda. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Akamwomba abiria mmoja wa mbele aliyekuwa na mbili, ya puani na nyingine mfukoni iliyokunjamana kama risiti, akaivaa ile ya mfukoni. Askari akachungulia kupitia dirisha la dereva, akapokea alichopokea, tukapungiwa mkono. Hatukufika hata hatua mia moja, mikono ikashuka. Makanga akaivua ile barakoa, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe kwa adabu zote: "Asante, boss." Mwenyewe akaitia mfukoni, tayari kwa kizuizi kingine.

Tukapumua hewa moja kwa dakika arubaini tukiwa uso wazi, tukajifunika kwa dakika mbili mbele ya mtu aliyesimama nje penye upepo. Hicho ndicho kinachoitwa jaribio. Kidevu hakipumui, wala hakiambukizwi, na kwa miaka miwili ndicho tulichokilinda kuliko kiungo kingine chochote mwilini.

Fikiria moshi wa sigara. Mtu akiwasha sigara ndani ya matatu iliyofungwa, wa kiti cha nyuma kabisa atakohoa. Akiiwasha pale nje ya Archives jua la saa nane, aliye hatua tatu kutoka kwake huenda asinuse kitu. Pumzi ya mgonjwa husafiri namna hiyo hiyo, na kila anayepanda basi la Githurai mwezi wa mvua anajua tofauti ya hewa ya ndani na ya nje bila kusoma jarida lolote. Sheria yetu haikujua. Ilisema mahali pa umma, na askari akatafsiri umma kuwa barabara. Matokeo yake Nairobi ilichora ramani ya barakoa iliyo kinyumenyume. Kwenye Moi Avenue, juani, upepo ukipeperusha karatasi, watu walijifunika mpaka chini ya macho kwa kuwaogopa askari kanjo na polisi. Wakiingia hotelini kula, ishirini katika chumba cha watu kumi, dirisha moja lililozibwa na rafu ya soda, barakoa ikaning'inizwa kwenye mgongo wa kiti. Ofisini Upper Hill ilivuliwa baada ya kumpita mlinzi. Kanisani ilivuliwa wakati wa kuimba, saa ile mapafu yanapofanya kazi kuliko saa zote.

Wakubwa nao walichangia. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza bila kumung'unya kwamba kirusi hiki hakisafiri hewani. Mpaka Julai wanasayansi 239 walikuwa wameandika barua ya wazi kulisihi likubali vinginevyo. Wakati huo huku kwetu kila mlango wa jengo ulikuwa umeshapata mtungi wa maji, sabuni, na mlinzi mwenye bunduki ya kupima joto. Mimi nilipimwa siku moja kwenye duka kubwa moja upande wa Westlands nikaambiwa nyuzi 34. Hilo ni joto la mtu aliyezidiwa na baridi. Mlinzi akaandika 34 kwenye daftari, akanikaribisha ndani. Madirisha ya duka lile hayafunguki, yalijengwa hivyo.

Wasomi wa baraza ya Westlands watanijibu kwa Cochrane, maktaba ya mapitio ya tafiti za tiba. Najua. Januari 2023 yalitoka mapitio ya majaribio mengi kuhusu barakoa, na vichwa vya habari dunia nzima vikasema imethibitishwa kuwa hazifai. Wachache waliendelea kusoma hadi Machi, pale mhariri mkuu wa maktaba ile, Karla Soares-Weiser, alipolazimika kueleza kwamba mapitio hayakusema hivyo. Yalichunguza kama kampeni za kuhimiza watu wavae barakoa zinapunguza maambukizi, na jibu halikupatikana wazi, sababu moja nzito ikiwa kwamba wengi walioambiwa wavae hawakuvaa. Hapo ndipo makanga wangu anapoingia kwenye sayansi. Ukimweka katika kundi la waliovaa, utapata matokeo ya mtu asiyevaa, halafu utailaumu barakoa iliyokuwa mfukoni mwa mwenzake.

Na sisi Wakenya tuna ushahidi wetu kuhusu hilo. Mwaka 2020 watafiti waliwapigia watu simu Ugunja, Siaya, kuwauliza kama wanavaa barakoa hadharani. Asilimia 12 tu ndio waliokiri kuwa hawavai. Watafiti hao hao walipokwenda kusimama sokoni na njiani wakihesabu kwa macho, asilimia 90 ya waliopita hawakuwa na barakoa inayoonekana. Tofauti hiyo kati ya simu na soko ndiyo historia nzima ya barakoa nchini. Nairobi, utafiti wa nyumba kwa nyumba wa Novemba 2020 ulikuta asilimia 34.7 ya watu wana alama ya maambukizi kwenye damu, zaidi kidogo ya theluthi moja ya jiji, miezi minane tu tangu mgonjwa wa kwanza. Wapinzani wangu huichukua namba hii na kusema, mwaona, tulivaa na bado tukaambukizwa. Mimi huisoma nikikumbuka matatu zile.

Ukitaka kuona barakoa ikivaliwa kweli, nenda Bangladesh, si Ulaya. Mwaka 2020 na 2021 watafiti walifuata zaidi ya watu wazima 340,000 katika vijiji 600. Kwenye nusu ya vijiji waligawa barakoa bure, wakaonyesha jinsi ya kuvaa, wakaweka watu wa kukumbusha njiani na sokoni, na maimamu wakazungumza misikitini. Uvaaji ukapanda kutoka watu 13 katika 100 hadi 42. Hata kwa kiwango hicho, chini ya nusu, walioshikwa na ugonjwa wenye dalili walipungua kwa karibu asilimia 10, na kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 waliopewa barakoa za hospitali upungufu ulikuwa asilimia 35. Kuna atakayesema asilimia 10 ni kidogo. Ni kidogo kwa kijana. Kwa nyanya yako anayelala chumba kimoja na wajukuu wanne pale Kangemi, hiyo 35 ndiyo ya kuhesabu.

Bado yuko mpinzani mwingine ambaye hujidai yuko upande wangu, na huyu namwogopa zaidi. Ni bwana mkubwa anayesema barakoa zinafaa sana, tatizo ni Wakenya: wakaidi, hawana nidhamu, hawasikii. Aliyekuwa waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alizoea kutukaripia jioni hadi jioni kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa hautatutendea kama kawaida. Maneno matamu, yakachapishwa hadi kwenye fulana. Lakini tuseme ukweli kuhusu huo ukaidi. Barakoa za hospitali zilipofika mitaani mara ya kwanza, moja ilikuwa bei ya chakula cha mchana cha kibarua. Hata zilipoteremka hadi Sh10, nyumba ya watu watano wanaobadilisha kila siku ingehitaji Sh50 kutwa, na wakati huo vibarua vya viwanda na vya nyumba za Lavington vilikuwa vimekatwa. Kwa hiyo moja ilivaliwa wiki nzima. Niliziona: kamba imekatika ikafungwa fundo, rangi ya samawati imegeuka kijivu, imelowa. Barakoa iliyolowa haipitishi pumzi vizuri, na mtu anayepanda mlima wa Kangemi na gunia la viazi mgongoni ataishusha tu. Mapafu yake yanadai hewa, bwana mkubwa anaita ukaidi.

Na zilikuwepo! Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilikuwa kinashona barakoa 30,000 kwa siku. Rivatex ya Eldoret ilishona. Mafundi wa cherehani wa Kawangware, pale steji ya Congo, walishona za kitenge za tabaka tatu kutoka mabaki ya magauni. Kilichokosekana ni mtu wa kuzinunua kwa pesa ya umma na kuzigawa kwenye steji kila asubuhi. Zilizogawiwa bure kwa kawaida zilikuja na mheshimiwa, kamera, na jina lake limechapwa juu ya mdomo wako. Mike Sonko, gavana wa wakati huo, alitangaza kuwa vifurushi vyake vya chakula vitakuwa na vichupa vya pombe ya Hennessy vya kusafishia koo. Sitanii.

Mazoea haya ya kumwendea maskini kwa adhabu badala ya msaada si ya jana. Mwaka 1902, Nairobi ikiwa mji wa mahema na mabati tu, tauni ilipozuka kwenye Soko la Wahindi serikali ililichoma moto soko lote. Tangu hapo gonjwa likiingia mjini, wa kwanza kufikiwa ni yule maskini aliyeugua, na anayetumwa kwake ni mtu mwenye rungu au kiberiti. Aprili 2020 watu waliowekwa karantini chuo cha tiba cha KMTC waliruka ukuta wakakimbia, kwa kuwa walitakiwa kulipia kifungo chao wenyewe. Ukimfundisha mtu kwamba afya ni adhabu, usishangae akiitoroka.

Kuna kundi moja ambalo halikuwahi kusema barakoa ni kiini macho. Tarehe 21 Desemba 2020 madaktari wa umma waligoma. Mapema mwezi ule walikuwa wamefiwa na mwenzao wa miaka 28, aliyehudumu wodi ya Covid miezi kadhaa bila kulipwa mshahara. Mojawapo ya madai yao makuu ilikuwa vifaa vya kujikinga: barakoa nzuri, ya kubana usoni, si ile ya Sh10, pamoja na magauni na glavu. Watu wanaojua mapafu yanavyojaa maji waliacha kazi ili wapewe kitu ambacho yule mama wa nyanya anasema kilikuwa cha kula pesa tu. Mmoja kati yao amekosea, na sidhani ni daktari.

Machi 11, 2022 barakoa ikaondolewa mahali pa wazi. Juni 20, miezi mitatu baadaye, ikarudishwa kwa mahali pa ndani, madukani na ndani ya matatu. Kanuni ile ya Juni ndiyo pekee iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Ilikuja imechelewa miaka miwili, na hakuna aliyeifuata, kwa kuwa tulikuwa tumeshafundishwa kwamba barakoa ni kitu cha nje, cha mbele ya askari.

Kwa nini nabishana na jambo lililopita? Kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na kifua kikuu hakikungoja Wuhan. Husafiri kwa pumzi ile ile, ndani ya matatu ile ile, na kioo kimefungwa kwa sababu ile ile ya baridi. Yule mzee wa nyuma ya dereva sijui alikuwa na nini. Najua tu kwamba gari zima lilimcheka mtu mgonjwa kwa kushauriwa jambo la maana, na kwamba tulifika Kangemi, abiria wote na mimi, bila hata mmoja kunyoosha mkono kufungua dirisha.

Wizara ya Afya ina makaratasi ya 2020 yamelala kwenye kabati. Naiomba iyatoe sasa, kabla ya kitu kingine kufika uwanja wa ndege, na iandike upya kuanzia ndani ya gari: madirisha mawili yawe wazi safari nzima, makanga awe na boksi la barakoa za bure mlangoni, na faini, kama lazima iwepo, iandikwe kwa jina la mwenye matatu.